Tuuzieni Kipande, Si Mashine Nzima Kila Mara

BARUA YA WAZI

Kwa: Wenyeviti, Makatibu na Wajumbe wa Bodi,
Vyama vya Msingi vya Ushirika wa Wakulima wa Korosho,
Kitangari na vijiji jirani, Newala.

Nakala: Chama Kikuu cha Ushirika TANECU, Bodi ya Korosho Tanzania, wauza pembejeo wote.

YAH: OMBI LA KUAGIZIWA MASHINE ZA KUPULIZIA MIKOROSHO KIPANDE KWA KIPANDE

Ndugu viongozi,

Nawaandikia nikiwa mkulima na mwanachama, kabla oda ya mashine za msimu ujao haijatoka mikononi mwenu. Ombi langu ni moja. Mnapoagiza mashine za kupulizia, iwe kwa fedha taslimu au kwa makato ya korosho zetu, msiagize seti nzima peke yake. Agizeni pia kiwiliwili cha mashine bila vikorokoro vyake, vifaa vya unga peke yake, vifaa vya maji peke yake, na spea peke yake. Kila kimoja kiandikiwe bei yake, na mwanachama achukue kile alichopungukiwa.

Nasema hivyo kwa sababu vijiji vyetu havina upungufu wa mashine kama karatasi za maombi zinavyoonyesha. Pitieni nyumba za wakulima kuanzia Kitangari mpaka Newala mjini, muulize stoo kuna nini. Mtakuta mashine ya msimu juzi imelazwa ubavu chini ya magunia. Vuta kamba, injini inawaka. Feni inazunguka. Kilichoiua ni mpira wa kupulizia uliopasuka, au mfuniko uliopotea, au kile kifaa cha unga ambacho mpulizaji wa kukodi alikichomoa akakisahau shambani. Mwenye mashine naye kaandika jina kwenye orodha yenu akiomba mashine mpya. Kwenye vitabu vya chama anahesabiwa kuwa mkulima asiye na mashine, na nyumbani ana mashine isiyofanya kazi.

Naomba tuifungue mashine yenyewe tuitazame ndani, maana wengi tunaibeba mgongoni tangu ujana na hatujawahi kuulizwa inafanyaje kazi.

Kiwiliwili ni injini ndogo ya tu-stroki, feni iliyofungwa kwenye nyumba yake, fremu na mikanda ya begani. Kazi yake ni kutengeneza upepo mkali, basi. Haijui kama inapuliza salfa, dawa ya maji au hewa tupu. Kinachoamua ni vitu vinavyofungwa juu yake. Ukitaka unga, upepo kidogo unaingizwa ndani ya tangi kupitia bomba lenye matundu ili utibue salfa isigande. Salfa inashuka kwenye tundu pana la chini, inadakwa na upepo mkubwa kwenye kiwiko, inatupwa nje kupitia mpira mrefu hadi kileleni. Ukitaka maji, lile bomba la matundu linatoka, unaingia mrija mwembamba wa kusukuma hewa juu ya dawa. Hewa hiyo inaikandamiza dawa, dawa inapanda kwenye mrija mwingine mpaka kwenye nozeli mdomoni mwa bomba, na huko upepo unaivunjavunja kuwa ukungu.

Hapo ndipo penye ugomvi. Njia ya maji inategemea tangi lishike hewa. Mfuniko una mpira wa duara, mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Mpira huo ukichakaa, hewa inavujia juu, dawa haipandi, na nozeli inatema matone. Mkulima anasikia injini inanguruma vizuri ila ukungu hauonekani, anasema mashine imechoka. Haijachoka. Imekosa kipande cha mpira.

Mwaka mmoja mpira huo ulikatika kwangu, mikorosho ikiwa imeshaanza kuchanua. Nikaenda duka moja la pembejeo, jina naliacha, mfuniko nimeubeba mkononi. Muuzaji aliugeuza, akautazama, akanirudishia. Spea hawauzi, akasema, wanauza mashine. Akanionyesha boksi jipya lililofungwa, na ndani ya boksi hilo kuna mfuniko na mpira wake. Kwa lugha nyepesi, dawa ya mpira wa duara ilikuwa kununua injini nyingine. Niliondoka nikaukata mpira kutoka tairi la ndani la baiskeli, nikaufunga nilivyoweza, na msimu ukaenda hivyo hivyo kwa kuchechemea. Siandiki haya kumshitaki yule kijana wa dukani. Yeye anauza alicholetewa. Anayemletea naye analeta kilichoagizwa. Na waagizaji wakubwa kuliko wote huku kwetu ni ninyi.

Tazameni tunavyonunua baiskeli. Mtu anaweza kuingia duka la spea Newala au Masasi akatoka na ringi moja, au pedeli, au mnyororo, au fremu tupu ambayo ataivalisha vitu vya fremu yake ya zamani. Hakuna anayelazimishwa kununua Phoenix mpya kwa sababu spoku zimekatika. Ndiyo maana baiskeli inazeeka na mwenyewe. Mashine ya kupulizia ni ghali kuliko baiskeli, na maisha yake ni mafupi kuliko baiskeli, na sababu haipo kwenye chuma.

Mtaniuliza, kwa nini suala la mipira na mifuniko liandikiwe barua ya wazi? Kwa sababu zao letu limesimama juu ya upepo wa mashine hizo.

Wazee wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Ilipofika 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi na tunazijua: watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya maua na majani machanga mpaka ua linakauka kabla halijashika. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walipothibitisha kwamba salfa inauzuia, swali likawa namna ya kuifikisha. Mkorosho mkubwa ni mti mpana na mrefu, na maua yako nje, pembezoni na juu. Bomba la mkono halifiki huko. Ikabidi iwe mashine ya upepo. Kupona kwa zao letu, mpaka tukafika msimu wa 2017/18 nchi ikavuka tani 300,000, kuna mambo mengi ndani yake, ukiwemo mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani kwetu Mtwara 2007. Lakini bila salfa kufika kileleni hakuna stakabadhi ya kuandika.

Sasa fanyeni hesabu ya mkulima mwenye mikorosho mia moja. Kipimo tunachofundishwa ni robo kilo ya salfa kwa mti mkubwa kila mzunguko. Mti mmoja robo, miti mia kilo 25, yaani mfuko mmoja kamili. Mizunguko ikiwa mitano, ni mifuko mitano, na kutoka mzunguko hadi mzunguko ni kama wiki mbili. Kazi yenyewe haifanyiki saa yoyote. Unga unataka umande juu ya jani na upepo wa dunia uwe umelala, kwa hiyo ni usiku wa manane mpaka alfajiri. Mashine ikigoma asubuhi mbili, mzunguko umevunjika. Ua halikusubiri wewe uende Mtwara kutafuta mpira.

Miaka hii Serikali kupitia Bodi ya Korosho imetuletea salfa ya ruzuku, na tunashukuru. Lakini ruzuku hiyo imehamisha mlango mwembamba. Zamani mtu alikosa dawa. Sasa mifuko ipo imepangwa sebuleni na mashine imekufa kwa kitu cha kukaa kiganjani. Mwenye hela anakodi mpulizaji, analipa kwa mti. Asiye na hela anasubiri zamu, na zamu ikifika maua yameshachomwa. Dawa ya ruzuku isiyofika juu ya mti ni unga tu.

Nageukia fedha, maana najua mkutano wowote wa bodi huishia hapo. Tuseme mashine nzima inauzwa laki sita. Tuseme pia mkulima anauza korosho kilo kwa shilingi elfu tatu baada ya makato. Mashine hiyo ni kilo mia mbili za korosho. Hiyo si bei ya duka lolote, ni mfano tu, kila mmoja aweke namba zake. Sasa kama kilichokosekana ni vifaa vya unga, ambavyo tuseme thamani yake ni sehemu moja ya kumi ya hiyo bei, mkulima amelipa kilo mia mbili kwa haja ya kilo ishirini. Kilo mia na themanini zimekwenda kununua injini ambayo tayari anayo. Zidisheni hilo kwa orodha nzima ya chama, halafu mjiulize kwa nini kila mwaka tunapandisha ukomo wa madeni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Seti nayo ina faida zake, na sitaki mtu aseme nimezificha.

Kwanza, anayeanza hana kitu. Kijana aliyepewa shamba na baba yake mwaka huu anahitaji vyote, na kumuuzia vipande vitano kwa bei tano ni kumchosha na pengine kumlipisha zaidi. Seti ikinunuliwa pamoja huwa nafuu kuliko jumla ya vipande. Basi seti ibaki kwa ajili yake. Sikuomba ifutwe.

Pili, vipande vinaleta udanganyifu wa aina nyingine. Muuzaji anaweza kutangaza mashine kwa bei ya kuvutia, ukaifungua boksi ukakuta ni kiwiliwili kitupu: mpira hakuna, kifaa cha unga hakuna, nozeli hakuna. Ukivinunua kimoja kimoja, jumla inapita seti ya jirani. Dawa yake ni kuandika wazi. Kila kiwiliwili kitakachouzwa na chama kiwe na karatasi inayosema ndani kuna nini, hakuna nini, na ukikamilisha kwa unga utafika shilingi ngapi, kwa maji ngapi, kwa vyote ngapi. Anayesoma jumla hiyo ndiye atakayechagua kwa akili.

Tatu, na hili ndilo zito, vipande haviingiliani ovyo. Mdomo wa feni wa mashine moja haulingani na kiwiko cha nyingine. Tumeona wenyewe mpira wa mashine hii ukilazimishwa kwenye ile, ukafungwa kwa mpira wa tairi, unga ukawa unavuja begani mwa mpulizaji na kumwingia machoni. Chujio la hewa lisilo lake linaruhusu vumbi la salfa kuingia kwenye silinda, na pistoni inakwaruzika kimyakimya mpaka siku inaposhika. Kwa hiyo kuuza vipande bila mpango kunaweza kuua mashine nyingi kuliko kunazookoa. Ndiyo sababu ombi langu nimelileta kwenu. Mkulima mmoja mmoja hawezi kuweka mpango huo. Chama kinaweza.

Na hatutakuwa wa kwanza duniani kudai hivi. Huko Colorado, Marekani, wakulima wenye matrekta ya mamilioni walikuwa na kilio cha aina hii: mashine ni yako, lakini kuitengeneza mpaka mwenye kampuni apende. Jimbo hilo likapitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024, inayowalazimu watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wao spea, vifaa na maelekezo ya matengenezo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni za haki ya kutengeneza bidhaa za nyumbani. Sisi hatuna haja ya kungoja Bunge. Mteja mwenye oda kubwa anaweka masharti, na vyama vya msingi vikiunganisha oda chini ya TANECU ni mteja wa kusikilizwa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo haya yajadiliwe.

1. Kabla ya kuagiza, ifanyike sensa ya mashine. Mwanachama asiulizwe tu kama anahitaji mashine. Aulizwe anayo ya aina gani, inawaka au haiwaki, na imekosa nini. Katibu akiwa na orodha hiyo ataona mwenyewe ni wangapi wanahitaji injini na ni wangapi wanahitaji mfuniko.

2. Zabuni iandikwe kwa mafungu manne: kiwiliwili, vifaa vya unga, vifaa vya maji, na spea za msimu, yaani plagi, chujio, kamba ya kuwashia, mipira ya mifuniko, mipira ya kupulizia, ringi na vifaa vya kabureta. Mzabuni asiyeweza kutaja bei ya kila fungu asipewe kazi, hata kama seti yake ni rahisi.

3. Tukubaliane aina mbili za mashine, tatu zikizidi, kwa vyama vyote vya eneo letu. Tukiwa na aina kumi hakuna stoo itakayoweza kuweka spea za zote. Mashine za zamani zilizo nyingi zaidi kwenye sensa ndizo zipewe kipaumbele, ili kilichomo ndani ya nyumba zetu kifufuke kwanza.

4. Mkataba umfunge mzabuni kuendelea kuleta spea kwa miaka tutakayokubaliana, na kila kipande kiwe na namba yake kwenye kitabu. Kitabu hicho kikae ofisi ya chama, mwanachama akifungue bila kuomba ruhusa ya mtu. Wapo vijana wetu waliosoma ufundi VETA Mtwara ambao wakipewa namba sahihi watajua la kufanya.

5. Liwepo sanduku la spea kwenye kila ghala kabla ya mwezi wa tano kuisha, lenye daftari na mtu mmoja anayewajibika nalo. Linunuliwe mapema, mwezi wa pili au wa tatu, wakati mkulima bado ana chenji ya korosho mfukoni. Mwezi wa saba ni kuchelewa.

6. Makato yafuate kipande. Aliyechukua mpira akatwe bei ya mpira. Stakabadhi yake ionyeshe jina la kitu, si kuandika "pembejeo" na namba mbele yake.

7. Spea bandia zikibainika, chama kisimalizane na muuzaji kimyakimya. Tume ya Ushindani ipo na ina mamlaka juu ya bidhaa bandia. Taarifa ipelekwe huko, na wanachama wajulishwe kwenye mkutano.

Najua pingamizi litakalotoka kwa baadhi ya watendaji: hesabu zitakuwa nyingi. Mashine mia moja ni mstari mmoja kwenye leja, na vipande mia tatu ni mistari mia tatu, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakuja kuuliza kila mmoja. Ni kweli, kazi itaongezeka. Lakini mstari mmoja wenye fedha nyingi ndiyo kichaka cha wajanja. Katika mistari mia tatu kila mwanachama ataukuta wa kwake, atausoma, na atajua alichokatwa. Mkaguzi akiuliza, majibu yapo.

Lipo na pingamizi la pili ambalo halisemwi mkutanoni. Seti nzima ina nafasi kubwa ya asilimia za watu wa katikati kuliko mpira wa mfuniko. Sina ushahidi juu ya mtu yeyote na simnyooshei mtu kidole. Nasema tu kwamba utaratibu wa kutaja bei ya kila fungu unamlinda kiongozi mwaminifu asidhaniwe vibaya, na hilo pekee lingetosha kuwafanya mlipende pendekezo hili.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inautambua mkutano mkuu wa wanachama kuwa ndio wenye kauli ya mwisho ndani ya chama. Kwa hiyo siwaombi fadhila. Naomba mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wenu: ajenda ya ununuzi wa mashine iletwe kwenye mkutano mkuu kabla oda haijasainiwa, na fomu ya sensa ya mashine igawiwe vijijini mwezi mmoja kabla ya mkutano huo. Nipo tayari kuizungusha fomu hiyo nyumba kwa nyumba kijijini kwetu bila posho, na wapo wenzangu walioahidi kufanya hivyo kwao. Majibu yenu tunaomba yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ghala, ili asiyefika mkutanoni naye asome.

Wenu katika ushirika,

Mkulima na mwanachama,
Kitangari, Newala.